Ramani Kwenye Kadi ya Mama

Mdogo wangu,

Kwa masikitiko makubwa ninakutangazia kifo cha kamera yetu, kilichotokea juzi juu ya kabati hapa Lushoto, baada ya kuugua betri kwa muda mrefu. Marehemu ameacha kadi moja na kamba ya shingoni. Habari zikufikie huko Arusha uliko, wewe pamoja na wageni wako.

Unakumbuka tulivyoinunua mtumba, simu zetu zote zikiwa vitochi? Mama akiiona tu, anakumbuka ghafla kwamba ameacha chungu jikoni. Jumapili moja akakubali, kwa sababu gauni la kwaya lilikuwa jipya. Akasimama mlangoni, midomo kaibana.

"Cheka basi, mama," ukamwambia.

"Meno yangu ni ya kulia ugali. Piga."

Ukapiga. Akacheka akidhani umemaliza, ukapiga nyingine. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa mama.

Halafu ukapata wageni wako wa kwanza, watalii wa kuwapeleka Mlola kwa miguu. Ukaenda ofisi ya wageni kuipiga picha ramani ya ukutani, kipande kwa kipande, ili njiani uwe unaikuza kwenye kioo cha kamera. Nikasema hiyo ni akili. Kumbe kadi ilikuwa imejaa. Ulirudi jioni na milima yote mfukoni, mama hayumo.

"Umemfuta mama?"

"Dada, ramani ni kazi. Mama si huyo hapo anamenya viazi? Tutampiga tena."

Naye, kisu mkononi, akakutetea: "Mwache mwenzio atafute riziki. Mimi kwani naenda wapi?"

Alikwenda, hata maharage hayajavunwa.

Siku ya maziko wewe ndiye uliyetangulia na msalaba. Picha ya kitambulisho, fundi alipoikuza, uso uligeuka ukungu, basi pale pa picha msalabani tukaacha wazi. Jirani akakunong'oneza, "Ya mama iko wapi?" Ukajibu, "Ilipotea." Mdogo wangu, mbuzi hupotea. Mama ulimfuta kwa kidole, tena ukiwa umekaa.

Sasa nimeanza kusahau nyusi zake. Sauti ninayo, hata kikohozi chake ninacho, lakini nyusi zinaniponyoka. Ndiyo maana jana nilimpelekea fundi wa studio ile kadi, aone kama vilivyofutwa hurudi. Alihangaika nayo, kisha akaniambia kwa adabu kabisa, "Pole, dada. Mama simwoni. Ila njia ya Mlola ipo, tena safi."

Basi kaa vizuri huko, wala usipotee, maana wewe na njia mnajuana. Nilipotoka kwa fundi nilikuwa nimeshaanza kukusamehe, mpaka nikapita mbele ya ofisi ya wageni.

Ramani bado iko ukutani.

Dada yako