Saumu Sita za Abass Kasmir

Ilikuwa mwaka 2024, majira ya vuli, ulipotutoka hapa Guangzhou. Mwaka umetimia, Abass, na bado wapo wanaoipiga simu yako wakitaka uwaamulie.

Kwenu Gujarat, India, ulianzia baraza la kijiji, ukaingia Bunge la Jimbo mara tatu, ukawa Waziri wa Maji. Kisima ulichokiahidi hukukiacha mpaka kitoe maji. Uliposhindwa uchaguzi wa nne kwa kura mia mbili na kumi na moja, ulimpelekea mshindi halua nyumbani kwake, kisha ukamfuata mkeo Hasna huku China kwenye biashara yake ya vyombo.

Hapa mtaani Xiaobei walikuita Mheshimiwa. Kila Ijumaa baada ya sala uliketi mgahawani, ukaandika shida za wafanyabiashara na kuzifuatilia moja moja. Mwadini, wakala wa mizigo, hakuacha kukutania: "Mheshimiwa, huku huna jimbo!"

"Ninalo, Mwadini. Ila mpiga kura mbishi kama wewe sijapata kumwona."

Kwa Mola wako, hata hivyo, ulibakisha deni. Ramadhani yako ya mwisho ulirudi Gujarat kumfanyia kampeni kijana wa chama chako, na kwa sababu ya safari ukaacha kufunga siku sita. Nilikuuliza, mimi mkweo, utazilipa lini.

"Baada ya kikao hiki, Mama."

Kikao kilizaa kikao, hata moyo wako ukasimama ghafla. Ahadi za watu ulizitimiza. Yako mwenyewe ukaiakhirisha. Tuliogopa kukusomea hitima ya mwaka na deni hilo lingali shingoni mwako.

Mwanao Haroun, aliyekulaumu miaka mingi kwamba ulikuwa baba wa jimbo zima kabla ya kuwa wake, ndiye aliyesema, "Bibi, nitamlipia mimi."

Jana ilikuwa siku ya sita. Alishinda juani bandarini Huangpu, akisimamia upakiaji. Mwadini akamnyooshea chupa ya maji.

"Kunywa, mwanangu, utaanguka!"

"Nimefunga."

"Mwezi gani huu wa kufunga?"

"Wa baba."

Hutatutoka moyoni kamwe, sisi tunaokuombea: mkeo Hasna, binti yako Swalha, mkweo Kazija, na Haroun, ambaye jana, magharibi ilipoingia, alifuturu kwa tende moja, akainua mikono, akasema, "Baba, zimetimia."