Rangi ya Kucha Kwenye Skrubu

Jumamosi, Buyenzi. Mvua tangu alfajiri. Barabara yetu imekuwa tope tupu na gereji za jirani zimenyamaza. Moyo mzito.

Leo nimemaliza kutengeneza redio niliyoinunua ili niibomoe.

Naandika hapa hapa kwenye meza ya kazi, chuma cha kulehemu hakijapoa. Wateja hawaji na mvua hii, na sitaki waje. Nataka niyaseme haya mara moja, kwa mpangilio wake, kabla sijaanza kuyapamba.

Mi ni fundi wa redio. Watu bado wanacheka wakisikia. Kazi hii nilifundishwa na mume wangu, Ramazani, bila yeye kujua kwamba ananifundisha: nilikuwa namshikia taa, yeye analehemu, macho yangu yanaiba. Asubuhi moja, mwaka wa pili wa vita, alibeba redio kaseti ya mteja aliyoimaliza jana yake, akasema anaipeleka Kinama, mtaa wa juu mwisho wa mji, na atarudi kabla ya adhuhuri. Hakurudi. Asha wetu alikuwa na miaka mitatu. Sasa ana kumi na mmoja.

Tulimtafuta hospitali, gerezani, kila mahali mtu anapotafutwa. Kinama kwenyewe hakukuwa na wa kumuuliza, watu walikuwa wamekimbia wote. Kisha wifi yangu Salima, dada yake Ramazani, akaja na habari: kuna mtu kamwona Uvira, ng'ambo ya mpaka, ana duka na mke mpya. Huyo aliyemwona hakupatikana hata siku moja. Lakini habari ilikaa, na mi, niseme ukweli, niliipokea kwa mikono miwili. Mume aliyekukimbia unaweza kumchukia. Aliyepotea utamfanya nini?

Basi nikamchukia, tena vizuri. Nguo zake niligawa. Nilibakiza kitu kimoja tu, redio kaseti yake mwenyewe, pale juu ya rafu, na nikakataza mtu asiiguse. Watu walidhani ni mapenzi. Nilikuwa naiweka ili siku akirudi nimpige nayo.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda sokoni Jabe kutafuta moteri, ile ndogo inayozungusha kaseti. Kuna mteja wangu wa Mutanga Sud ambaye redio yake inaimba kwa kujikokota, na moteri mpya siku hizi mjini hazionekani. Yasini, anayeuza vitu vibovu, akanitolea redio kubwa ya Kijapani, ya spika mbili. Mshikio umevunjika, kioo cha stesheni kimepasuka, ukiitikisa kuna kitu kinagonga ndani. Akasema hii imekufa, lakini viungo vyake vizima. Nikaibeba kwa ajili ya moteri tu.

Nilipoigeuza mezani niifungue, nikaona skrubu. Juu ya kila moja kulikuwa na tone la rangi ya kucha, zambarau iliyoiva.

Ilikuwa rangi yangu.

Nieleze. Fundi akimaliza kazi huweka alama kwenye skrubu, ili mteja akirudi na malalamiko, ajue kama kuna fundi mwingine amefungua baada yake. Wengine hudondosha nta. Ramazani alikuwa anatumia rangi yangu ya kucha, na tuligombania kile kichupa mpaka majirani wakatuchoka. Siku ya harusi ya jirani najipamba, nakuta brashi imekauka na chupa tupu! Sasa matone yalikuwa mbele yangu, manne, hata moja halijapasuka. Hakuna mtu aliyeifungua baada yake.

Nilikaa na bisibisi mkononi, sijui muda gani. Kisha nikafungua. Ndani ya mfuniko, kwa penseli, kwa ule mwandiko wake wa kulala, ameandika: Moteri mupya, mukanda mupya. Chini yake jina lake na siku. Ilikuwa siku moja kabla ya ile asubuhi.

Nilirudi Jabe saa ile ile, hata mlango sikuufunga. Yasini alidhani nimekuja kumwita mwizi, akaanza kuapa. Alipoona sipigi kelele ndipo aliposema: ameinunua mwezi uliopita kwa mwanamke wa Kinama, anaitwa Mama Odette, anakaa nyuma ya kanisa.

Kesho yake nikapanda Kinama kwa miguu. Kwenye kizuizi askari akaniuliza naenda wapi, nikasema nafuata mteja wa redio, na haukuwa uongo. Nilimkuta Mama Odette uani, anachagua maharage kwenye ungo. Mwanamke wa rika langu, nyumba imeezekwa upya nusu, nusu nyingine turubai la plastiki. Nikamwambia mi ndiye niliyenunua redio yake, na kwamba fundi aliyemletea zamani, asubuhi fulani, alikuwa mume wangu. Akaweka ungo chini. Akanitazama. Kisha akasimama na kuniongoza nyuma ya nyumba, na mi nikajua kabla hatujafika.

Pana mawe matatu pale, ukingoni mwa shamba la mihogo. Majani yamepaliliwa.

Alinieleza tukiwa tumesimama. Ramazani alifika mapema na redio, akaijaribu mbele yao, kila mtu akafurahi. Akakaribishwa chai. Akiwa bado amekaa risasi zikaanza upande wa barabara, na wote wakatokea mlango wa nyuma kukimbilia bondeni. Yeye hakufika bondeni. Walirudi siku ya tatu, kwa kujificha, wakamkuta hapo kwenye mihogo. Mume wa Mama Odette, ambaye naye sasa ni marehemu, akachimba. Wakamfunga kwenye kitenge. Jina lake hawakulijua, walimjua kama fundi wa Buyenzi.

"Tulimulaza kwa ubavu," akasema, "vile nyinyi munalazaka watu wenu. Lakini upande hatukujua. Tulimuangalisha ku ziwa."

Nilitazama ziwa kule chini. Kibla iko kaskazini. Mtu ambaye hakuwahi kumwona Mwislamu akizikwa amejaribu kukumbuka aliyosikia, huku anaogopa kuuawa, na akakosea upande tu.

Nilimuuliza kwa nini hakuja. Akasema walikaa kambini miaka, na redio ile walikimbia nayo kichwani, ndiyo ilikuwa inawapa habari mpaka betri zikavuja na ikafa. Waliporudi, aliogopa. Aje Buyenzi, karitiye, mtaa wa mafundi watupu, apite mlango kwa mlango kuuliza ni nani hapa nilimzika mume wake? Wangesema ni yeye aliyemuua. Nilitaka kumkasirikia, sikuweza. Siku zile mimi mwenyewe nisingemfungulia mlango mtu wa Kinama.

Nikamuuliza kama Ramazani alikuwa ameshainywa ile chai.

"Alikunywa," akasema. "Vikombe viwili."

Hapo ndipo nililia.

Nyumbani Asha alikuwa ananisubiri na kitabu chake cha shule. Nilimwambia yote, sikuficha. Baba yake hamkumbuki, anamjua kwa maneno ya Salima na ya kwangu, na ya kwangu hayakuwa mazuri. Alifunga kitabu chake.

"Mama," akasema, "kwa hiyo hakutukimbia?"

Nikamjibu apana, hakutukimbia. Ni sentensi fupi, na nilichelewa nayo miaka minane.

Usiku ule niliamua. Kama ni mjane, basi nikae eda yangu kama wajane wengine: miezi minne na siku kumi, ndani, bila manukato wala hina. Nilinunua kitambaa cheupe. Niliwarudishia wateja redio zao, zilizopona na zisizopona. Nilimwomba jirani awe anatununulia vitu sokoni. Na niseme tena ukweli: nilikuwa naingoja hiyo eda kama mtu aliyechoka anavyongoja kitanda. Hatimaye nitaruhusiwa kukaa chini.

Alhamisi ya wiki iliyopita nilikwenda kwa shehe wetu kumuuliza nianze kuhesabu siku ipi. Akaniuliza marehemu alifariki lini. Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole ingawa hakuhitaji kuhesabu.

"Mama Asha," akasema, "eda yako imekwisha. Inahesabiwa tangu siku aliyofariki, si tangu siku uliyopata habari. Ilikwisha zamani."

Alisema kwa upole. Akaongeza kwamba sina dhambi, sikujua, na kwamba niko huru, hata nikitaka kuolewa naweza. Kuolewa! Nilimshukuru nikatoka nje, viatu nimevisahau, nikarudi kuvichukua.

Mi sijaanza, nayo imekwisha.

Nikawa nahesabu njiani. Ile miezi minne na siku kumi, ile ya kweli, mi nilikuwa wapi? Nilikumbuka, na sitaki kuandika, lakini nimejiahidi mpangilio. Mwezi wa tatu wake ilikuwa harusi ya Salima. Nilicheza. Nilikuwa na hina mpaka kwenye viwiko, na rangi mpya kwenye kucha, na nilisema kwa sauti mbele ya wanawake wote kwamba kama Ramazani anaoa Uvira, basi na mi najua kucheza ngoma. Walicheka. Nilicheka kuliko wote. Na yeye yuko chini ya mihogo, ameangalia ziwa.

Shehe anasema sina dhambi. Sawa. Lakini dhambi ni kitu kimoja, na haya ni mengine.

Jana baada ya swala ya Ijumaa walimswalia na kumsomea khitma. Msikiti ulijaa, sikutegemea. Salima alikuja uani kwangu, akakaa mbali, hakuthubutu kunitazama. Baadaye aliniambia Uvira aliitunga yeye mwenyewe, ili mama yao asife kwa kihoro. Uongo wake ulimlinda mama yao, na mi pia niliutumia, kwa kazi nyingine. Nilimpa chai akanywa.

Nilipotoka kwa shehe nilikuwa nimerudi kwenye redio, kwa sababu sikuwa na pa kukaa chini.

Kwa siku nane imekuwa ndiyo eda yangu. Betri zilizovuja zilikuwa zimekula springi zote, nikakata nyingine kutoka kwenye tochi. Mukanda aliouweka yeye ulikuwa umeyeyuka kuwa urojo mweusi, ukanishika vidole, niliuosha kwa spiriti kidogo kidogo na nikaona uchungu kuufuta, kisha nikaweka mwingine. Kile kilichokuwa kinagonga ndani ni sumaku ya spika ya kushoto, imebanduka, nikaigandisha. Kichwa cha kusomea kaseti nilikisugua mpaka kikang'aa. Mwisho nikaijaribu moteri, ile mpya ya Ramazani, ile niliyoinunulia redio nzima.

Imekufa. Unyevu umeingia, imekwama moja kwa moja.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kisha nikapanda kiti, nikateremsha redio yake kutoka rafuni, nikapangusa vumbi la miaka minane, nikaifungua. Moteri ya aina ile ile, nzima. Nilidhani mkono utakataa. Haukukataa. Nimeitoa, nimeilehemu huku, na asubuhi hii, kurante, yaani umeme, ilipokuja, kaseti ilizunguka. Nikageuza kwenye redio. Ikatoa taarifa ya habari kwa Kirundi: serikali na waasi wamezungumza tena, hawakuelewana tena. Sauti safi, spika zote mbili.

Ndani ya mfuniko, chini ya maandishi yake, nimeandika kwa penseli: Moteri, mukanda, springi. Zuhura. Na siku ya leo.

Asha nilimtuma dukani akaniletee kichupa cha rangi ya kucha. Zambarau hakuna, ameleta nyekundu. Nimedondosha tone juu ya kila skrubu, manne, na yamekauka sasa. Kucha zangu sijapaka.

Ramazani hakuwahi kuacha kazi ya mteja katikati, na ile ni redio ya Mama Odette. Kesho Jumapili, akitoka misa, naipeleka Kinama. Mteja wa Mutanga Sud atanisamehe, moteri nitamtafutia kwingine. Na shehe amesema kaburi tunaweza kuliacha lilivyo, Mungu anajua upande. Nataka nikae pale kidogo.

Nilimwambia Asha nitarudi kabla ya adhuhuri. Nikaona uso wake ulivyobadilika. Nikamwambia atafute viatu vyake vya mvua, tunakwenda wote wawili.