Bima Iliyoishia kwenye Lami

Litein, Alhamisi. Asubuhi kulikuwa na jua la kuumiza macho, na alasiri mvua imefika kama inavyofika huku siku zote, bila kupiga hodi. Sasa imekatika. Nimevua viatu, nimeketi kitandani katika nyumba ya wageni iliyo juu ya duka la mabati na misumari, na tangu mchana nangoja kuhisi kitu.

Sijahisi.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, upande wa Kericho. Baba alitoka milima ya Kisii kuja kuchuma majani, akadunduliza, akanunua kipande cha ardhi nje ya Litein. Hapo tulimzika mama. Halafu ukaja mwaka ambao tuliambiwa tuondoke, tukapewa muda wa kubeba magodoro tu. Mimi sikusimama mpaka Zambia, nikafundisha jiografia huko hadi nywele zikaisha kichwani. Dada yangu Moraa alibaki, kwa sababu alikuwa ameolewa na Mkipsigis wa Sigor, mwenyeji wa huku. Kiswahili ninakiandika hapa ili kisiniponyoke.

Moraa anapoteza macho. Presha ya macho imekula pembeni zote, na kilichobaki anakiona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Alinipigia simu akasema, "Mogaka, kuja unipeleke kwa mama nikiwa bado naona." Mogaka kwa lugha yetu ni mzee. Ameniita hivyo tangu tukiwa watoto, na hajawahi kumaanisha heshima.

Basi nimekuja. Kwa pasipoti ya Zambia, katika nchi niliyozaliwa, nimekodi gari kama mtalii.

Msichana wa kampuni, pale uwanja wa ndege Nairobi, alinieleza kwa subira. Bima ya kawaida imo ndani ya bei, lakini ajali ikitokea, kiasi cha kwanza cha hasara ni changu. Nikitaka kiasi hicho kipungue, niongeze ada ya kila siku. Nikaongeza. Tairi, kioo cha mbele na tumbo la gari havimo hata hivyo. Tena bima yenyewe inafanya kazi kwenye lami tu. Nikishuka kwenye murram, barabara ya udongo, kila kitakachotokea ni changu, na fedha walizozizuia kwenye kadi yangu hazirudi. Aliniuliza kama nimeelewa, nikasema nimeelewa. Nilipiga picha mshale wa mafuta, mikwaruzo ya zamani, hata tairi la akiba. Maisha yangu yameokolewa na makaratasi mara kadhaa, kwa hiyo huwa ninayasoma.

Zambia kila safari ndefu ina vituo vya kulipia barabara, nami nikaweka sarafu na noti ndogo kwenye kile kibweta karibu na gia. Nililipa kwenye barabara ya juu ya kutoka uwanja wa ndege, mara moja, nikangoja kizuizi kingine. Mai Mahiu, hakuna. Narok, ambako kijana wa pampu alisema, "Mzee, angalia iko zero," kabla hajaanza kujaza, hakuna. Bomet, hakuna. Sarafu zililia njia nzima. Nadhani nilitaka mtu anisimamishe, anidai kitu cha kupita, nilipe, anifungulie.

Nilimkuta Moraa Longisa, nje ya kliniki, amevaa koti la kanisani na gumboti. Alipapasa mlango wa gari mpaka akaupata mshikio.

"Hii ni yako?"

"Ya kukodi."

"Ndiyo maana inanuka duka."

Kutoka Sotik alianza kunitajia miteremko kabla hatujaifikia. Chai imejaa pande zote mbili, imekatwa sawa kama nywele za askari. Aliniuliza rangi. Nikasema kijani. Akasema mwalimu mzima, na hilo ndilo jibu.

Tulifika pale njia ya shamba letu inapoachana na lami. Palikuwa na kibanda cha kupimia majani chai, na chini yake murram nyekundu, inateremka hadi kwenye miti, kisha haionekani. Nikaegesha. Nikazima injini.

"Mbona umesimama?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri sana, kipengele kwa kipengele, kama niko darasani.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Unaogopa barabara ama unaogopa watu?"

Nikasema ni bima.

Alishusha kioo akamwita mwenye bodaboda aliyekuwa kivulini. Kijana akamwita gogo, yaani nyanya, akamkunja mguu kwa uangalifu akampandisha. Akanigeukia. "Mzee, tunatoshea watatu, panda." Nikasema lazima mtu abaki na gari. Akaangalia kibanda, akaangalia wanawake waliokuwa na vikapu mgongoni, akauliza, "Nani ataiba? Hawa?" Wakacheka wote. Nilicheka pia, kwa adabu.

Wakaenda. Koti la kanisani lilikuwa kitu cha mwisho kuonekana.

Nilibaki nimeshika usukani wa gari lililozimwa. Nilijaribu kumkumbuka mama, nikamkumbuka kwa mpangilio kama mtu anayejaza fomu: mrefu, kitambaa cha buluu, jino moja la mbele limepishana. Nilijua kwamba mtu mwingine mahali pangu angelia. Niliangalia mshale wa mafuta. Ulikuwa juu kidogo ya nusu.

Kuna jambo nilikuwa nimelisahau kuhusu watu wa huku. Mgeni akija hadi mpakani mwa boma asiingie, boma haliwezi kunyamaza. Litasemwa. Kutoingia ni kusema una neno na mwenye nyumba. Na mwenye nyumba asipotoka kukufuata, amekubali kwamba neno hilo lipo.

Nikamwona mzee anapanda kutoka kwenye miti. Fimbo mkono mmoja, kigoda kwapani, chupa ya chai inaning'inia kwa kamba begani. Alipumzika mara kadhaa. Alipofika hakuniuliza jina. Aliweka kigoda kwenye nyasi, upande wa dirisha langu, akakipangusa kwa kofia.

"Chamgei," akasema. "Hicho ni chako. Mimi nitasimama."

Nilijibu salamu yake. Kinywa kilikuwa kinaikumbuka. Nikashuka, nikakaa, kwa sababu mtu wa umri ule asingesimama bure. Jina lake ni arap Rono. Alinunua ardhi ile kwa mtu aliyekuwa ameinunua kwa mtu, akasema, na hakuuliza ilitoka wapi kwa sababu wakati huo hakuna aliyeuliza. Alilisema hilo akimimina chai, bila kuniangalia.

"Dada yako yuko kaburini na mke wangu. Wanang'oa magugu."

Nikasema asante.

"Na wewe je?"

Nikamweleza bima. Mara ya pili haikusikika vizuri kama ya kwanza.

Arap Rono alizunguka gari, akainama kulitazama chini, akaligonga kwa fimbo kwenye tairi. "Lori ya majani inashuka hapa kila siku na dereva wake anasinzia. Hii yako imetengenezwa na mayai?"

"Ni mkataba, mzee."

"Sawa. Mkataba ni mkataba." Akanywa. "Lakini mimi nimepanda huu mlima na hili goti. Nikirudi peke yangu mke wangu ataniuliza ulikataa nini."

Chai ilikuwa nzito, ya maziwa mengi, ya majani yaliyomea juu ya ardhi ile. Niliimaliza. Hilo tu ndilo nililoweza kumpa, kikombe kitupu. Alikichukua, akachungulia ndani, na naona kilimtosha kwa leo, kwa sababu hakubeba kigoda alipoondoka. Alikiacha kwa mwenye kupima majani, akasema kwa sauti ya kunifikia, "Huyo mgeni akirudi, hicho ni chake."

Moraa alirudi mvua ikianza. Udongo kwenye viganja, udongo kwenye mikono ya koti. Aliingia bila kupapasa mlango.

Nilimuuliza pakoje. Kama kuna msalaba. Kama ule mti wa upande wa juu ungalipo.

Alijifuta mikono kwa leso taratibu, kidole kwa kidole, kisha akasema, "Sikuambii. Nenda uone. Wewe macho yako ni mazima."

Nikaendesha hadi hapa. Sasa yuko chumba cha pili, amefungulia redio ya Kikipsigis, anaimba anapojua maneno. Sijamsikia akiimba tangu tukiwa wasichana na wavulana wa kuchunga mbuzi wa watu.

Gari linatakiwa Nairobi kesho jioni, tangi likiwa kama nilivyolichukua. Nimekuwa nikilipanga hilo kichwani: kuondoka alfajiri, kujaza Narok, kulisafisha kabla ya uwanja wa ndege. Gari halina mkwaruzo hata mmoja mpya. Nimelichunguza lote kwenye mvua.

Halafu nikapiga simu kwenye kampuni. Sikuwa nimeamua kupiga. Nilijikuta nimepiga, kama mtu anavyojikuta amesimama jikoni bila kujua alifuata nini. Nikaomba siku moja zaidi. Yule yule msichana akanitajia ada ya siku na ada ya bima ya siku, nikakubali zote mbili. Akaniuliza, kwa kuwa ni lazima aulize, kama huko niendako ni barabara ya lami.

Nikamwambia lami inaisha, na kutoka hapo nitatembea kwa miguu.