Unga wa Kinu Chako

Mdogo wangu mwenye kinu,

Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Mama anawasalimu, goti lake limetulia, mdomo bado.

Ulinipigia ukaniomba nipime tena mahindi ya unga wako wa lishe, safari hii kwa sampuli uliyoileta mwenyewe maabara. Nilicheka peke yangu. Punje zile umezichambua kwa mkono, zinang'aa utadhani zinakwenda harusini! Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haikai kwenye kila punje. Inajificha chini ya gunia, penye unyevu, ndiyo maana siku ile ya ukaguzi ghalani kwako nilichota kila gunia, juu mpaka chini, nikachanganya. Majibu yamepita kiwango mbali sana. Nimeshayasaini.

Usiniambie utayaanika upya mahindi. Sumu hiyo haitoki juani wala jikoni. Jumatatu tunakuja kufunga ghala, na mimi nitakuwemo garini. Ukitaka kununa, nuna. Nitalala kwako kama siku zote.

Asante kwa picha ya kitinda mimba wenu. Mnasema ufupi kautoa kwa bibi, na huenda ni kweli. Sumukuvu hudumaza watoto, lakini siwezi kuapa kuwa ni unga. Ila sweta aliyovaa nilimfumia mimi, mwaka juzi, alipoanza kula uji wa kinu chako. Bado inamtosha.

Mwambie wifi asimpikie tena uji huo. Nakuja na unga niliopima mwenyewe. Na nimeanza kufuma sweta nyingine, kubwa. Mwakani lazima imbane.

Dada yako