Mshahara wa Nyangi

Jumatatu, 3 Juni
Maharage yameungua. Wachimbaji wamelalamika, na wamekula hivyo hivyo. Tangu dhahabu ionekane kwenye mashamba ya jirani, hoteli yangu inajaa mpaka nje, lakini mwisho wa mwezi sioni kitu. Kesho anakuja mshauri wa biashara kutoka ofisi moja ya Bomani. Serikali inamlipa sehemu kubwa, mimi nachangia kidogo. Tuone.

Jumanne, 4 Juni
Kijana mpole, si mtu wa huku. Shikamoo yake nzuri. Kauliza Nyangi ni nani wangu. Nyangi alikuwa anasonga ugali, katupa mgongo.

Nyangi ni mke wangu. Sikujaliwa mtoto wa kiume, na mume wangu alipofariki nilimtolea Nyangi ng'ombe, nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke mwenzake, kama mila yetu inavyotaka, ili watoto wake wawe wa boma langu. Hapa kila mtu anajua. Lakini mbele ya yule msomi aibu ilinishika. Nikasema, huyu ananisaidia kazi.

Mwiko ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Jumamosi, 8 Juni
Mshauri kasema hela ya nyumbani ikae mbali na ya hoteli, na kila mfanyakazi alipwe kwa wiki. Kweli tupu. Leo nimewalipa wote pale mezani. Nyangi kapanga foleni nyuma ya mwosha vyombo, kapokea kwa mikono miwili. 

Jumapili, 9 Juni
Nimetoka kanisani, nyumba kimya. Nyangi kachukua watoto, kaenda kwa baba yake Kehancha, ng'ambo ya mpaka. Aproni kaikunja juu ya kiti. Nina hasira. Mke anaondokaje bila kuaga?

Alhamisi, 13 Juni
Nimerudi kutoka Kehancha. Peke yangu. Nilisalimia, nikakaa, nikaeleza jinsi hoteli ilivyolemewa. Ugali unachelewa, wateja wanahama. Nyangi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, wewe ulisema mimi ni wa kazi. Mtu wa kazi akishalipwa, si anarudi kwao?"

Baba yake aliangalia chini. Alinionea huruma, mzee wa watu, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 21 Juni
Mshauri kaja mara ya mwisho. Faida imeanza kuonekana. Ushauri wake ulikuwa mzuri, sina ubaya naye. Kauliza yule mfanyakazi wa ugali yuko wapi.

Nimemwambia si mfanyakazi. Ni mke wangu, nilimtolea ng'ombe, na nilimkana hapa hapa akisikia.  Wachimbaji hawakuinua hata kichwa kwenye sahani. Walijua siku zote.

Kesho nakwenda tena Kehancha. Safari hii sitataja hoteli.