Tovuti Nisiyoweza Kuitaja

Baba Paulina,

Sikusalimii. Nimekuja na hasira zangu na leo utanisikiliza, maana huna tena pa kutokea ukasema unawahi mnadani.

Mdogo wako ameichukua tovuti. Matanga yako hayajaisha vizuri, akaja na wazee wawili wa ukoo, wakakaa kwenye viti vyako, wakaniambia biashara ina jina la baba yenu, kwa hiyo ni ya ukoo, mimi nishone tu. Nishone tu! Mikoba na mavazi ya ngozi tuliyoanza mimi na wewe na wanawake wa kijiji chetu cha Dirma, shanga nilizotunga mpaka macho yakauma, leo mimi ni kibarua. Na paswedi anayo yeye, kwa sababu ulimpa yeye. Mimi hukunipa.

Nilikuambia, wewe mwanaume. Nilikuambia siku ileile uliporudi kutoka Babati kwa yule kijana mtengenezaji wa tovuti, umefurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Eti tovuti umeipa jina la baba yako. Wewe ni Mbarbaig mwenzangu, sikupaswa kukufundisha kwamba mke hataji jina la baba mkwe, awe hai, awe kaburini. Hata neno la kawaida likikaribiana nalo mdomoni nalikwepa. Hata hapa siliandiki. Ukanijibu, "Utazoea tu, huu ni mtandao, siyo bomani." Nizoee nini?

Unayakumbuka maonyesho ya Babati? Yule mama wa hoteli alishika mkoba mwekundu, akaupenda, akaniuliza tovuti yetu inaitwaje ili awaonyeshe wenzake. Nikasimama pale kama bubu. Wewe ulikuwa umekwenda kunywa chai. Akasubiri, akatabasamu, akaurudisha mkoba mezani akaenda zake. Uliporudi nikakusimulia, ukacheka. Mpaka leo kicheko kile kinaniuma.

Na hiyo tovuti yenyewe, jamani! Ukiifungua inaanza picha ya baba yako na mkuki, imejaa kioo kizima, ngoma inalia yenyewe, halafu historia ya ukoo kwa Kiingereza. Mikoba iko chini huko, namba ya simu chini zaidi. Kwa mtandao wetu wa Dirma ilikuwa inazunguka, inazunguka, mpaka mtu anakata tamaa. Uliwatengenezea ndugu zako wajione, mteja hukumfikiria. Sasa mdogo wako ameikodisha kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, na pale zilipokuwa kazi zetu wameweka mikoba ya plastiki ya kiwandani, eti kazi ya mikono ya nyumba yetu. Siku niliyoiona nililia. Nililia kwa hasira, usidhani ni kwa kukukumbuka.

Ingawa nakukumbuka. Vile ulivyokuwa unalainisha ngozi kwa mafuta pale uani, unaimba vibaya, unaniita nije ninuse. Nakukumbuka, na hasira inazidi, kwa sababu ungekuwepo ningekugombeza uso kwa uso, tukamaliza.

Basi nikaenda Katesh, kwa Mariamu wa stesheneri, siku hizi anatengeneza tovuti. Hakuniuliza habari za ukoo. Aliniuliza, "Mama, mteja akifungua anatafuta nini?" Nikamwambia aone mkoba, aone bei, anipigie. Akafanya hivyohivyo. Mkoba juu, bei chini yake, namba yangu pale kidole gumba kinapofika, maneno machache, Kiswahili kwanza. Tukaijaribu huku Dirma kwa simu ya zamani ya Paulina, ikafunguka kabla sijamaliza kumsalimia jirani. Inaitwa Shanga za Dirma. Nalitaja hilo jina nikichota maji, nalitaja nikikamua, kwa sababu tu naweza. Na watu wanapiga, Baba Paulina. Wanapiga na kuagiza.

Juzi mdogo wako kaja tena, anataka niifunge, eti nawanyang'anya wateja. Nikampa kiti, nikampa maziwa, nikamwambia, "Shemeji, sifungi." Akapandisha sauti. Nikarudia. Ameondoka akitishia kuitisha kikao cha ukoo.

Aitishe. Nakuahidi nitakwenda, na nitaongea. Wakinizima, wanawake tutakaa baraza letu la kuwatoza faini wanaume wanaotudhulumu, na unajua wanaume wa kwetu wanavyoliogopa. Paulina atakua akiona mama yake anauza kazi ya mikono yake kwa jina analoweza kulitamka.

Kwaheri, mume wangu. Pumzika, ingawa sijakusamehe yote. Na ukimwona baba yako huko, mpe shikamoo yangu. Mwambie katika nyumba yake nzima, ni mimi peke yangu ambaye sijaliuza jina lake.

Mkeo,
Mama Paulina