Kichwa cha Treni cha Baba Mkubwa Pankras

Kigonsera,
Mbinga, Ruvuma.
14 Julai 2024.

Mpendwa binamu yangu Emiliana,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Ujerumani? Nasikia mnaota jua sasa hivi. Sisi huku ukungu unashinda juu ya mibuni, na mtani wako nimevaa masweta mawili. La juu ni lile ulilonitumia, ambalo ulisema ni la kiume. Wachumaji wa kahawa wananiita Mama Mkubwa.

Herieth hajambo, watoto hawajambo. Magoti yangu tu ndiyo yamestaafu kabla ya mwenyewe.

Mama yako sitakudanganya hali yake. Miguu imejaa maji, na pumzi anaivuta kama mtu anayepanda mlima huku amelala. Hospitali walimpa dawa wakasema tukakae naye nyumbani. Maneno hayo wewe muuguzi unayaelewa kuliko mimi.

Usishangae kuona karatasi zama hizi za simu. Barua hii imo ndani ya boksi analokuletea Padre Ignatio, na chini yake kuna kile kichwa cha treni cha kuchezea, kile ulichokuwa ukikililia utotoni ukitaka kukipanda. Picha zangu zimemchosha yule mzee wako unayemuuguza, anayekusanya treni za zamani. Basi akishike kwa mikono yake.

Umsimulie yote, asije akadhani tunauza. Bruda fundi wa misheni alimpa baba mkubwa Pankras, kaka wa mama yako, treni ya kutia ufunguo: kichwa na kigari chake cha makaa. Mwaka mmoja kabla ya uhuru Pankras akavuka ziwa kutafuta kazi migodini. Kigari akaondoka nacho, kichwa akamwachia mama yako, binti mdogo wakati huo, akamwambia, "Nikirudi tutaviunganisha." Hakurudi. Wazee walingoja mpaka wakachoka, wakaweka matanga bila maiti. Tangu hapo kila Noeli kichwa kinapelekwa kwenye pango kanisani, kinasimama nyuma ya kondoo, na watoto wanauliza Mtoto Yesu alikuwa anasafiri kwenda wapi.

Sasa kahawa ilipoanza kuiva, akaja mtu. Anaitwa Cleopa. Ametoka ng'ambo ya ziwa, akashukia Mbamba Bay, akapanda mpaka huku na kigari kwenye mfuko. Anasema yeye ni mtoto wa Pankras. Anasema Pankras alirudi kutoka migodini mikono mitupu, akaona aibu kuvuka, akaoa huko huko ng'ambo, na amefariki juzijuzi tu.

Mjomba wako Isidori alimcheka usoni. "Hadithi hiyo hata mbuzi wa Kigonsera wanaijua. Wewe umefuata mibuni."

"Baba, hiyo mibuni hata kuichuma sijui," Cleopa akamjibu, na Kiswahili chake kinachechemea.

Hilo ni kweli tupu. Nimemwona shambani, anachuma mbivu na mbichi pamoja kama anakata majani ya mbuzi.

Nikafuata maelekezo ya mzee wako, nione kama viwili hivi vilizaliwa pamoja. Kichwa kina taa mbili mbele na magurudumu yenye njiti kama ya baiskeli, kwa hiyo ni cha zamani kweli, kama alivyosema. Namba ya ubavuni haipo. Akina mama wa kanisa hukisugua kwa majivu kila Desemba, wamekisugua kama sufuria iliyounguza ugali. Kwa hiyo zimebaki ndoano za kuviunganisha. Ndoano ya kichwa ni bati bapa. Ya kigari ni waya uliokunjwa.

Ukanijibu kwamba mzee anasema waya ulianza baadaye, miaka ambayo sisi uhuru tulishapata. Emiliana, nilikaa chini palepale, kwenye gunia la kahawa la mtu. Kama kigari kilitengenezwa baada ya Pankras kuondoka, basi Cleopa si wetu, na alichobeba kimetoka sokoni. Sijamwambia mtu. Natembea na jibu lako mfukoni, natabasamu kila mlango kama mgombea udiwani, na usingizi sina.

Lakini nimeona jambo moja. Ile ndoano ya waya imeshikwa na ribiti, kimsumari kifupi cha shaba kilichogongwa kwa nyundo ya mkono. Hiyo si kazi ya kiwanda. Ribiti nazijua, ndizo hunibakia mkononi kila nikimaliza kurudishia mashine za watu za kukoboa kahawa. Huenda ndoano ya kwanza ilikatika, mtu akaweka nyingine. Chini yake huenda matundu ya bati bapa bado yapo. Mimi siwezi kufungua. Bati limeliwa na kutu, limekuwa jani kavu la mhindi, na mkono wangu unaujua. Namwomba mzee wako afungue yeye.

Afanye haraka, dada. Mjomba Isidori ameitisha kikao cha ukoo kahawa ikishaanikwa, na anataka mgeni arudishwe ziwani. Na mama yako aliniita kitandani, akaniambia, "Erasmo, kila Novemba namtaja Pankras kwenye marehemu. Kama alikuwa hai hapo ng'ambo tu, nilikuwa namwombea nani?"

Nilipomwomba Cleopa kigari kisafiri, alikishika muda mrefu. "Kikipotea, nimebaki na nini?" Kisha akakifunga kwenye shati lake akanipa. Shati hilo ulirudishe, analo hilo na alilovaa.

Jibu likiwa baya, nipigie mimi. Likiwa zuri, mpigie mama mwenyewe. Siku hizi kijiko hakimkai mkononi, lakini simu hiyo ataishika.

Herieth anakusalimu. Mjomba Isidori anakusalimu pia, na pamoja na hasira zake anaulizia ile redio uliyomwahidi. Cleopa naye anakusalimu, ila hajui kama akuite dada.

Jana, kabla sijafunga boksi, mama yako alitaka aviunganishe juu ya blanketi lake. Ndoano zikakataana. Akachomoa uzi kwenye pindo la kitenge chake, akavifunga pamoja, akakataa nisimsaidie. Mzee wako hawezi kuvichunguza bila kuukata. Nauogopa mkasi wake kuliko kikao cha Isidori. Tafadhali uukate wewe.

Mungu aufikishe mzigo huu mkononi mwako salama, na amwachie mama pumzi za kungojea.

Ni mimi mtani wako nikupendaye, hata na sweta la kike,

Erasmo